Ningu Hasubiri Jumamosi

Ningu, samaki wa Ziwa Victoria, hapandi mto siku ya Jumamosi eti kwa sababu sisi wa kujitolea tuna nafasi siku ya Jumamosi. Hupanda maji yanapokuja, mara nyingi usiku, baada ya mvua kubwa kunyesha huko juu ambako sisi wa bondeni hatukuona hata wingu lake, na baada ya siku chache tu shughuli yake yote inakuwa imekwisha. Ningetakiwa kueleza kwa ufupi niliyojifunza katika miaka yangu ya kujitolea kulinda samaki na vijito vya sehemu ya chini ya Mto Mara, ningeanzia hapo: kazi hii ina kalenda yake, na aliyeipanga si halmashauri, si mfadhili, wala si sisi wanakikundi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilicho pembezoni mwa kinamasi cha mafunjo, kabla mto haujafika kwenye daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Mto Mara una urefu wa kilomita 395 hivi. Unaanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, unapita katika hifadhi ya Masai Mara, unavuka mpaka na kuingia Serengeti, na unapotufikia sisi umekwisha kuchoka. Unakwenda polepole, umebeba tope la mashamba ya watu wa nchi mbili, na unatapakaa katika mafunjo kiasi kwamba mgeni hawezi kuonyesha kwa kidole mto wenyewe uko wapi. Watalii wanaujua kwa sababu ya nyumbu wanaovuka huku wakinyakuliwa na mamba. Sisi tunaujua kwa ndoo za maji, kwa ng'ombe wanaonyweshwa jioni, kwa matofali yanayofyatuliwa kingoni, na kwa samaki.

Ningu, ambaye wataalamu humwita Labeo victorianus, hapatikani popote duniani nje ya bonde la Ziwa Victoria na maji yanayoungana nalo. Si samaki mkubwa; aliyefikia sentimita 40 ni wa kusimuliwa. Hali samaki wenzake. Midomo yake minene, iliyotazama chini na yenye vichunusi vidogo unavyovihisi ukipitisha kidole, imeumbwa kwa ajili ya kukwangua mwani na uchafu laini ulioganda juu ya mawe na tope. Sehemu kubwa ya maisha yake huishi ziwani, lakini hazalii huko. Mvua za masika na za vuli zinapojaza mito, hukusanyika midomoni mwa mito hiyo, hupanda kwa makundi, huingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji mapya, hutaga humo, kisha hugeuka kurudi ziwani kabla maji hayajapungua. Mayai nayo huanguliwa upesi kwa kuwa hayana muda wa kupoteza; nyasi zikikauka kabla vifaranga hawajapata njia ya kutoka, kizazi cha msimu huo kimekwisha.

Tabia hiyo hiyo inayomzalisha ndiyo inayomponza. Samaki aliyetawanyika ziwa zima ni vigumu kummaliza, lakini samaki anayepita na wenzake wote katika mlango wenye upana wa hatua chache, kwa siku zinazojulikana, anaweza kumalizwa na watu wachache wenye nyavu nzuri. Nyavu za kisasa za kutega zilianza kutumika katika Ziwa Victoria mwaka 1905, na mara ilipogundulika kwamba zikitandazwa midomoni mwa mito wakati wa mafuriko zinajaa ningu wenye mayai, basi mambo yake yakaanza kuharibika. Kufikia mwaka 1965 mtafiti mmoja alikuwa tayari amechapisha maelezo ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu katika Mto Nzoia, upande wa Kenya. Ninautaja mwaka huo kwa makusudi, maana huku kwetu kila upungufu wa samaki husingiziwa sangara. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, anastahili lawama nyingi, hasa kwa maangamizi ya furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, lakini wingi wake ulilipuka katika miaka ya 1980, wakati ningu alikuwa ameshaadimika katika mito mingi. Ningu alimalizwa na sisi wenye nyavu, na kwangu mimi hiyo ni habari njema, kwa kuwa sangara hatuwezi kukaa naye kikao.

Nilianza kujitolea kwa njia ambayo wengi huanzia, yaani kupanda miti. Kila mwaka tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tulikwenda mtoni na wanafunzi, tukapanda miche, tukasikiliza hotuba, tukapigwa picha, tukarudi. Sina neno baya juu ya miti. Hata hivyo, mwezi Juni huku kwetu masika yamekwisha na kiangazi ndicho kinaingia, kwa hiyo mche unaopandwa siku hiyo unaingia ardhini kukabiliana na miezi ya jua kali, bila kusahau mbuzi. Isitoshe, miche iliyoletwa kwa wingi ilikuwa ya mikaratusi, mti ambao wazee wetu hawakuhitaji mtaalamu kuwaambia kwamba ukiuweka karibu na chemchemi unakunywa maji kuliko mifugo. Kadiri nilivyoendelea kutembea kandokando ya vijito ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba ukingo wa mto hauhitaji sana kupandwa, unahitaji kuachwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na mahali ambapo watu wamekubali kurudi nyuma kwa umbali huo, hata kwa nusu yake, matete na mafunjo hurudi yenyewe bila hotuba ya mtu yeyote.

Mafunjo yenyewe nilikuwa nikiyaona kama kero, kama wanavyoyaona wengi: maficho ya viboko na nyoka, makao ya mbu, ardhi nzuri iliyokaliwa na magugu. Nilibadilika nilipoelezwa na mtaalamu wa samaki, aliyekuja kwetu na vifaa vyake vya kupimia hewa ndani ya maji, kwamba katikati ya mafunjo maji huwa na oksijeni kidogo mno, na kwamba sangara hawezi kuvumilia hali hiyo, ilhali kambale, kamongo na baadhi ya furu wanaivumilia. Kwa maneno mengine, kinamasi tunachokichoma moto kila kiangazi ili tupate majani mabichi ya ng'ombe ndicho chumba cha ndani ambacho samaki wa asili walijifungia wakati ziwa lilipovamiwa. Tangu siku hiyo sehemu kubwa ya kazi yetu ya kiangazi imekuwa ni kuzungumza na wafugaji kuhusu wapi pachomwe na wapi pasichomwe, kazi isiyo na fulana wala picha.

Nikitaja fulana, ninazo kadhaa. Siku ya Mara huadhimishwa tarehe 15 Septemba, kwa zamu kati ya Kenya na Tanzania, na ni sherehe nzuri inayowakutanisha watu wa juu na wa chini wa mto mmoja. Lakini tarehe yenyewe ilichaguliwa kwa kuufuata msimu wa nyumbu. Mwezi Septemba mto wetu huwa umepungua, vijito vingine vimebaki madimbwi, na ningu yuko ziwani hana habari na sherehe. Miradi kadhaa imepita kijijini kwetu ikiwa na ratiba za namna hiyo, ikifika wakati wa jua kwa sababu barabara zinapitika, na kuondoka mvua zinapoanza kwa sababu hazipitiki. Pamoja na miradi hiyo huja posho. Posho haina ubaya kwa mtu aliyeacha shamba lake siku nzima, ila nimeshuhudia kikundi kinavyojaa watu mradi unapoanza na kinavyopukutika mradi unapofungwa, na waliobaki kila mara walikuwa ni wale wale: mama wawili wanaouza samaki, mfyatua matofali mmoja aliyechoka kufukuzwa na mafuriko, vijana wachache wa mitumbwi, mzee mmoja mvuvi aliyestaafu kwa sababu ya macho, na mimi. Hawa hawakubaki kwa sababu ni wema kupita wengine. Walibaki kwa kuwa maji yakiharibika wao ndio wa kwanza kuumia, na kwa uzoefu wangu kikundi cha kujitolea kikiundwa na watu wa aina hiyo hakihitaji kusukumwa.

Jambo la pili nililojifunza linahusu daftari. Kama mwalimu nilipewa ukatibu, na ukatibu wa vikundi vyetu kwa kawaida ni kuandika mihtasari ya vikao. Nikaanza pia kuandika maji. Tulichimbia mti wenye alama za rangi kwenye kona ya kijito, na mwanafunzi anayepita kwenda shule akawa ananiletea namba iliyoguswa na maji asubuhi hiyo. Tulipima uangavu kwa mfuniko mweupe wa sufuria uliofungwa kamba yenye mafundo: unauteremsha polepole majini, na fundo ambalo mfuniko unapotea machoni ndilo tunaloliandika. Palipo na mawe, kwenye kijito kinachoshuka kutoka vilimani, tuligeuza mawe na kutazama wadudu waliojishikiza chini yake, kwa kufuata mtindo wa mfumo uitwao TARISS, ambao wataalamu wa Tanzania waliutengeneza kwa ajili ya mito yetu, na ambao kanuni yake ni rahisi: wapo wadudu wanaokufa upesi maji yakichafuka na wapo wanaovumilia, kwa hiyo ukijua waliopo unajua hali ya maji ya wiki kadhaa zilizopita, jambo ambalo chupa moja ya sampuli haiwezi kukuambia. Watoto waliipenda kazi hii kuliko miche. Mtoto akimwona kiluwiluwi wa kereng'ende akirusha mdomo wake kama mkono kukamata mawindo, huna haja ya kumwambia asitupe chupa ya sumu ya nyanya kijitoni; yeye mwenyewe atakwenda kumwambia baba yake.

Thamani ya daftari niliielewa vizuri mwezi Machi 2022. Mwezi huo maji ya Mto Mara kwenye sehemu ya chini yalibadilika rangi yakawa meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Watu wakazuiwa kutumia maji, habari zikaenea nchi nzima, Serikali ikaunda kamati ya uchunguzi, na kamati ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea, maelezo ambayo yalizua ubishani mkubwa hadi bungeni na mitandaoni. Sitaki kuurudia ubishani huo hapa. Ninachosema ni kwamba katika vikao vyote nilivyohudhuria vijijini mwezi ule, kila mtu alikuwa na uhakika wake, na karibu hakuna aliyekuwa na namba ya wiki moja kabla. Aliyedai maji yamekuwa yakichafuka tangu Januari hakuweza kuthibitisha, na aliyedai yalibadilika usiku mmoja naye hakuweza. Daftari letu lenye mafundo ya kamba lilikuwa kitu kidogo sana mbele ya maabara, lakini lilikuwa ni maandishi yenye tarehe, na mtu akileta maandishi yenye tarehe, mazungumzo hubadilika sauti.

Tena daftari linamfundisha mwenye nalo kutokurupuka. Samaki wakifa, wazo la kwanza kichwani mwa kila mtu ni sumu, na wazo la pili ni jina la mtu. Katika Mto Mara kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu: katika sehemu ya Kenya peke yake kuna viboko zaidi ya 4,000, nao hulala mchana kutwa katika madimbwi ya mto na kujisaidia humo. Wakati wa kiangazi madimbwi hayo hujaa samadi inayooza mpaka oksijeni ikaisha, na mafuriko ya kwanza yanapoyasukuma maji hayo kwenda chini, samaki waliopo njiani hufa kwa kukosa hewa. Watafiti wameliona hili na kulipima mara nyingi. Ina maana kwamba samaki wachache waliokufa siku ya mafuriko ya kwanza wanaweza kuwa ni kazi ya mto wenyewe, na samaki waliokufa wakati maji yametulia ni suala jingine kabisa linalotakiwa kumfikia afisa uvuvi na watu wa bodi ya maji ya bonde siku hiyo hiyo. Asiyejua tofauti hiyo atapiga kelele mara nyingi mno, na siku ya balaa la kweli hatasikilizwa.

Nirudi kwa ningu, maana ndiye aliyetushughulisha zaidi. Mzee wetu mvuvi, ambaye macho yalikuwa yamekwisha lakini mikono ilikuwa bado inasuka, alinionyesha siku moja namna wao walivyokuwa wakimvua ujanani. Walijenga uzio wa fimbo na matete kukatiza kijito, wakaacha mapengo, na penye mapengo wakaweka migono, yaani mitego ya kusuka. Nilimuuliza mbona mgono aliousuka ameuweka kinyume na nilivyotarajia.

"Mdomo wake ulikuwa unatazama juu, mwalimu, kule maji yanakotoka," alinijibu. "Tulikuwa tunamsubiri akirudi. Akipanda tulimwacha. Huyo ana mimba, unamkamata wa nini?"

Maneno hayo yalinipa kazi ya kufikiri kuliko semina zote nilizohudhuria. Siwezi kuapa kwamba kila mvuvi wa zamani alikuwa na busara hiyo, na wazee nao hupamba enzi zao. Lakini tofauti aliyoieleza ilikuwa ya kweli na ilikuwa ya vitendo: uvuvi wa zamani wa kijitoni ulichukua samaki aliyekwisha kutaga, na wavu wa kisasa uliotandazwa mdomoni mwa mto unamchukua kabla hajataga. Samaki ni yule yule, mvuvi ni yule yule, kijito ni kile kile. Kilichogeuka ni upande ambao mtego unatazama.

Kabla ya hapo kikundi chetu kilikuwa kinafanya doria. Doria ina nafasi yake, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile tunavyoviita BMU, vimefanya kazi kubwa dhidi ya zana haramu kama kokoro na nyavu za timba, na dhidi ya watu wanaovua kwa vyandarua. Lakini mtu wa kujitolea hana mamlaka ya kukamata mtu wala kuchukua wavu wake. Mamlaka hayo ni ya afisa uvuvi na polisi, na akijitwalia atajikuta yeye ndiye mshtakiwa. Aidha, wavu wa mtu ukichomwa leo, kesho anakopa mwingine, na sasa anavua kwa ajili ya kula na kwa ajili ya kulipa deni. Katika kijiji chenye undugu kama chetu, mwenye wavu haramu ni shemeji wa mtu, na mimi mwenyewe nilikuwa namfundisha mwanawe hesabu. Tulipokuwa tunatoka doria tulikuwa tumefanikiwa kumsogeza mvuvi mita mia mbili, akavue gizani badala ya mwangani.

Tukaacha kuzungumzia marufuku, tukaanza kuzungumzia mwelekeo. Pendekezo tulilolipeleka kwenye mkutano wa kitongoji lilikuwa fupi: ningu akipanda, mdomo wa kijito usizibwe na wavu wowote, akirudi, migono ya matete iruhusiwe. Nilidhani wavuvi ndio watakaopinga. Aliyesimama ni mama mmoja muuza samaki, mwenye watoto wanne shuleni kwangu, ambaye kila msimu hununua ningu wa mayai kwa sababu wateja wa mnadani wanapenda mayai yake.

"Mwalimu," alisema, "nikimwacha huyu apite leo, kesho nitamwona wapi?"

Swali lake lilikuwa swali la haki kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na sikuwa na jibu lililozidi la yule mzee. Mzee ndiye aliyesimama akamjibu, kwa kirefu, akieleza siku ngapi samaki hukaa kwenye nyasi kwa kadiri ya mvua, maji yakianza kuwa mepesi anageuka vipi, na kwamba anaporudi amekonda, ndiyo, hana mayai, lakini yupo, na anapita mlango ule ule. Mama akauliza bei ya samaki aliyekonda. Wakabishana bei, mkutano mzima ukaingilia, na kikao kilichoanza kuhusu uhifadhi kikamalizika kama soko. Nilipokuwa naandika muhtasari niligundua kwamba pendekezo lilikuwa limepita bila mtu yeyote kupiga kura, kwa sababu walikuwa wameshaanza kugawana nani atasuka migono na nani ataununua mzigo wa kwanza.

Msimu uliofuata simu ililia usiku. Ndugu zetu wanaoishi huko juu karibu na mpaka wa hifadhi wamezoea sasa kutuarifu, na ujumbe wao huwa na maneno mawili tu: maji yamekuja. Asubuhi mti wetu wa alama ulikuwa haujabadilika. Jioni maji yalikuwa yamepanda alama kadhaa na rangi yamegeuka ya chai ya maziwa. Tulikaa ukingoni kwenye kichuguu, mbali na maji kwa sababu ya mamba na viboko, na hili nalisisitiza kwa yeyote anayetaka kufanya kazi hii: hakuna samaki anayestahili mguu wa mtu. Wanafunzi hawaji usiku. Wao kazi yao ni mchana.

Walianza kupita baada ya saa nne usiku. Hukuwaona kwanza; uliwasikia, vishindo vidogo kwenye nyasi pale ambapo maji yalikuwa ya kina cha kifundo cha mguu, kisha kimya, kisha vishindo vingine mbele zaidi. Kijana mmoja wa mtumbwi alimkinga mmoja kwa ndoo kwenye maji ya pembeni. Tuliloweka mikono kwanza, kwa kuwa mkono mkavu humvua samaki utelezi wake na kumwachia vidonda, tukamlaza kwenye ubao wenye alama za sentimita. Alikuwa jike. Tumbo lake lilikuwa limejaa kiasi kwamba nilipomgeuza tu, bila kumbana, mayai machache yalitoka yakabaki kwenye kidole changu cha gumba. Yule mama muuza samaki alikuwa amesimama nyuma yangu na tochi. Alitazama kidole changu, akafanya hesabu yake kimyakimya kama wafanyavyo wafanyabiashara, kisha akasema, "Haya, mrudishe haraka, mwalimu, asije akatufia mikononi." Tukaandika urefu, tukamrudisha.

Migono ilitegwa siku kadhaa baadaye, maji yalipoanza kung'aa, na ikapata samaki. Sitadai kwamba ningu ameongezeka. Msimu mmoja wa mvua nzuri unaweza kukudanganya, na mmoja wa ukame vilevile, na kijito kimoja si mto. Ninachoweza kukisema ni kwamba daftari sasa lina safu mbili, ya wanaopanda tunaowapima kwa uchache na kuwaachia, na ya wanaorudi ambao akina mama wanawahesabu kwa vipande kwa sababu ndiyo mali yao, na safu ya pili ni sahihi kuliko ya kwanza. Afisa uvuvi wetu amekwisha kuja kuipiga picha.

Makubaliano ya kitongoji bado hayana nguvu ya sheria. Tumeyaandika kuwa rasimu ya sheria ndogo ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji umeipitisha, kamati ya maendeleo ya kata imeijadili, na sasa iko halmashauri ikisubiri zamu yake, huku kila mara ikirudishwa kwa marekebisho ya aina fulani: safari moja ni faini haikuandikwa kwa tarakimu, safari nyingine ni mipaka ya kijito haikuelezwa. Zamani mambo haya yalinikera. Siku hizi nayachukulia kama sehemu ya kazi, na nimemkabidhi kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne awe anafuatilia, kwa sababu ana subira ya kukaa kwenye benchi la ofisi kunizidi mimi.

Tatizo kubwa zaidi liko ng'ambo. Mdomo wa kijito una kingo mbili, na ukingo wa pili ni wa kijiji kingine, ambacho wavuvi wake hawakuwa kwenye mkutano wetu na hawana sababu ya kuheshimu makubaliano ya watu wengine. Tulikwenda kuwaona kabla ya vuli, tukakaribishwa vizuri, tukapewa uji. Mwenyekiti wao alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kweli tunategemea waamini kwamba upande wetu usiku hakuna wavu, ilhali wao hawana mtu wa kuangalia. Tumekubaliana kwamba maji ya vuli yakifika, watu wao wawili watakuja kulala upande wetu na wetu wawili watakwenda kulala upande wao. Turubai lipo. Kinachoendelea kujadiliwa ni nani atanunua betri za tochi.